Fishi 312 na Milango Mitano

Ijumaa, 8 Machi

Leo, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, zimepotea fishi zangu 312 zilizokuwa katika kabati la departema ya sayansi ya siasa. Saa nne nilizigusa kwa mkono wangu. Saa saba kabati lilikuwa tupu, limepandishwa juu ya matofali, mlango wazi.

Fishi moja ni karatasi moja ya maswali, na karatasi moja ni nyumba moja. Nyumba 120 za Rumonge mjini, 96 za Minago, 96 za Kigwena. Nilikwenda nyumba nane kila Jumamosi, Jumamosi 39 bila kuruka hata moja, wakati wenzangu darasani walijaza za kwao wenyewe wamekaa barazani. Hizo ndizo memwari yangu, kazi ya mwisho ya kuombea diplome: watu waliorudi kutoka uhamishoni, na watu waliowakuta kwenye michikichi yao, wanaishije pamoja.

Kila nyumba niliahidi maneno yaleyale: "Jibu lako litabaki kati yako na mimi." Yamechapwa juu ya kila fishi, na chini yake iko sahihi ya Mwalimu Melkiades, mkuu wa departema, na muhuri wa chuo. Na ni yeye aliyekataa nizilaze nyumbani. "Mama Marcelina, data haikai jirani na pipa la sabuni."

Nilimwuliza sekreteri, Exaucé, karatasi ziko wapi.

"Maji ya ziwa yalifika korido, mama. Tuliondoa makaratasi ya droo za chini."

"Mkayapeleka wapi?"

"Yamepelekwa."

Nimerudi nimelowa mpaka kwenye mifupa. Diplome siililii, nimeishi miaka 41 bila hiyo. Nalilia neno langu. Wapo watu 312 waliolipokea.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Sabuni imekataa kuganda.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu Melkiades hayupo. Exaucé ananipita kama hanioni. Nimepima karatasi tupu kwenye mizani yangu ya soda kali: gramu tano. Mara 312 ni kilo moja na gramu 560. Miezi tisa ya miguu yangu haifiki uzito wa miche miwili ya sabuni.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa kwanza. Mimi si Mwislamu, ila tangu nirudi kutoka kambini Tanzania na beseni moja la sabuni kichwani, futari ya Batuli hainipiti. Ana meza yake mwisho wa soko: sambusa, mandazi, ndagala wa kukaanga. Nilichukua sambusa tatu, nikala ya kwanza nimesimama, nikafungua karatasi kuchukua ya pili, nikaona mwandiko wangu.

R-77. Rumonge, nyumba ya sabini na saba. Swali la sita: katika nyumba yako, unamwamini nani? "Hakuna." Mafuta yalikuwa yamepita katikati ya neno, lakini linasomeka.

"Batuli, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kilo."

"Kilo gani?"

"Kilo ya makaratasi, Mama Sabuni! Wewe unafikiri sambusa naivalisha kanzu?" Wanawake kwenye foleni wakacheka.

"Nani kakuuzia?"

"Mutu wa baiskeli, ametoka nazo upande wa chuo. Karatasi ngumu, haivuji. Nikasema Ramadhani hii Mungu amenikumbuka."

Nilimwita mwizi mbele ya watu. Akaniangalia, mwiko mkononi, mafuta yakidondoka. "Dada, mimi nimefunga. Wewe umeshakula sambusa moja. Kaa chini umalize, halafu utanitukana vizuri."

Sikukaa. Imepatikana 1. Bado 311.

Jumatano, 13 Machi

Nimerudi kwa Batuli asubuhi kumwomba radhi, kwa sababu nilihesabu: mimi peke yangu siwezi, na yeye ndiye mwenye bunda. Alikuwa amelala na hasira, lakini mlango alifungua. Tumepekua bunda lote sakafuni, mitihani ya zamani, matangazo, risiti za maji, na katikati fishi 138 ambazo hazijafunga kitu. Batuli hajui kusoma sana. Nilimwonyesha muhuri wa chuo, akawa anatafuta muhuri, haraka kuliko mimi ninavyotafuta maneno.

"Na mimi nitafungia nini?" akauliza.

Nimempa daftari zangu tatu za mwaka wa kwanza. Utangulizi wa sayansi ya siasa, kurasa 200. Amesema karatasi ni laini mno.

139. Bado 173. Batuli anasema waliogawana kilo na yeye ni wauzaji sita. Wengine ni wa Minago.

Jumamosi, 16 Machi

Nimetangaza sokoni: anayeleta fishi tatu zenye muhuri anachukua kipande kimoja cha sabuni. Kufikia jioni, fishi 46. Jumla 185. Mara ya kwanza wiki hii nimekula ugali nikausikia ladha.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimegonga milango mitano.

Mwaka wa kwanza walitufundisha kwamba sayansi ya siasa ni mti mmoja wenye matawi. Hapa chuoni kila tawi lina mlango wake kwenye korido, na korido yote ina maji ya kufika kwenye fundo la mguu. Nilianza kwa Mwalimu Melkiades. Yeye ni mkuu, na pia ni mbinu za utafiti, yaani tunajuaje kwamba tunajua. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Kukusanya data ni mbinu. Kuitunza ni utawala. Nenda mlango wa utawala wa umma."

Utawala wa umma ndiye anayetufundisha jinsi uamuzi unavyogeuka kuwa karatasi, muhuri na foleni. Akataka kuona barua ya makabidhiano. Sikuwa nayo, kabati lilikuwa na kufuli, nikadhani kufuli linatosha. "Basi kiutawala, mama, hizo fishi hazijawahi kuwepo." Akafikiri kidogo, hakuwa mtu mbaya. Akasema kwa kuwa nusu ya watu wangu walivuka mpaka kwenda na kurudi, pengine ni suala la mwenye uhusiano wa kimataifa.

Mwenye uhusiano wa kimataifa alikuwa na mkoba mkononi. Nchi nne za ziwa zimekubaliana kufunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei, naye amealikwa kwenye mkutano. Alisimama kiatu kimoja juu ya tofali, kingine majini. "Mpaka wa nchi na nchi, nakusaidia. Mpaka wa jirani na jirani hauko wangu."

Wa siasa linganishi alifurahi kuniona. Akaniuliza kama najua nchi nyingine ambayo jambo la namna hii limetokea, tuziweke mbili pamoja. Nikasema sijui. Akaniomba nikiipata nimletee.

Mlango wa mwisho ni nadharia ya siasa, Bwana Lameki. Yeye peke yake ndiye aliyenipa kiti.

"Swali hili ni langu hasa," akasema. "Ahadi ni nini? Serikali imesimama juu ya ahadi. Ardhi imesimama juu ya ahadi."

"Basi nifanye nini, Bwana Lameki?"

Alivua miwani. "Ah. Sisi tunauliza linalopaswa. La kufanya ni sera, mama, na mwalimu wa sera hatujampata tangu Septemba."

Kutoka mlango wa kwanza mpaka wa tano ni hatua 34. Nimezihesabu kwenda na kurudi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Ziwa limekula ngazi ya pili ya chuo.

Ijumaa, 22 Machi

209. Lakini leo nimekataa nne ambazo si zangu. Mimi nikiandika saba huiwekea kistari. Mtu amechora muhuri kwa kalamu ya buluu, akatunga nyumba nzima, na majibu yake yalikuwa mazuri kuliko ya kweli: anampenda jirani, anaiamini tume ya ardhi, analala vizuri. Yote kwa sabuni.

Baada ya kucheka nimeogopa. Kabla ya tangazo langu karatasi hii ilikuwa ganda la sambusa. Mtu alikula, akatupa, mbuzi akamalizia. Nilipoiwekea sabuni, imekuwa mali, na mali mtu huigeuza pande zote mbili kabla ya kuitoa. Mwanamke wa tatu leo aliniletea fishi zake akiwa anatabasamu na kusema, "Kumbe yule mama wa nyuma ya msikiti anamchukia mukwe wake hivyo!"

Mwalimu wa sera hawajampata. Mimi nimetunga sera peke yangu, na haya ndiyo matokeo yake.

Nimefuta tangazo. Limeshafika Minago.

Alhamisi, 28 Machi

231. Bado 81. Hakuna anayeleta tena. Wanaobaki nazo wameamua kubaki nazo.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika polepole, nisije nikajitetea.

Jana, Ijumaa Kuu, Batuli alinitumia habari kwamba mtu wa Kigwena ananitafuta. Leo asubuhi nimepanda pikipiki. Ni kwa Alimasi. Baba yake alitoka ng'ambo ya Kongo, akapanda michikichi Kigwena miaka ambayo wenye mahali walikuwa wamekimbia. Leonidasi ndiye mwenye mahali. Alizaliwa hapo, akakulia kambini kama mimi, akarudi na mke na watoto watano. Wazee wa kilima, yaani kijiji, waliwagawia shamba kwa namna ya kwetu: mstari mmoja wa michikichi kwa aliyerudi, mstari unaofuata kwa aliyekutwa, hivyo hivyo kutoka upande wa barabara mpaka ziwani. Mistari kumi na miwili, wa 14 mpaka wa 25 kwa hesabu ya kilima kizima, sita kwa sita, mmoja mmoja umeingia ndani ya mwingine kama vidole vya mikono iliyofumbatwa. Huwezi kupalilia wako bila kupita kwa mwenzako. Kinu cha kukamulia kiko upande wa Alimasi, kisima kiko upande wa Leonidasi. Miaka kumi na mitatu hawajapigana. Katika rasimu ya memwari yangu niliwaandika kama mfano mzuri.

Alimasi alikuwa uani. Kiti ni kilekile nilichokalia siku ya maswali.

"Karibu, Mama Sabuni. Siku ile ulikaa hapa. Nilikupa maji?"

"Ulinipa, baba."

"Basi nisaidie kusoma. Macho yangu yamekuwa mabaya."

Macho yake ni mazima. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Mke wake alinunua futari mjini, akafungiwa mandazi. Juu kulikuwa na K-14. Nikasema siwezi kusoma, niliahidi. Akanisomea yeye, bila kuangalia, kwa maana alishaikariri:

"Swali la tisa. Jirani yako akihama kesho, utafurahi? Kwa nini? Jibu: Ndiyo. Nitalala."

Mke wake alikuwa anapepeta mchele. Akaacha.

"Haina jina," nikasema. "Hujui ni ya nani."

"K, Kigwena. Kumi na nne, mustari wa kumi na nne toka barabarani. Mama, hata mbuzi wa hapa anajua mustari wa kumi na nne ni wa nani."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Niliondoa majina yote, nikajisifu, nikaweka namba ya mstari ili nisichanganye nyumba. Mjini namba ni namba. Kigwena mstari ndio jina la mtu. Mtoto akipotea anaulizwa, wewe wa mstari gani? Melkiades na matawi yake yote wasingeliona hilo. Mimi, niliyetembea hapo Jumamosi kumi na mbili, nilipaswa kuliona.

Na swali la tisa. Langu lilikuwa: je, mnasaidiana na jirani yako? Melkiades alilipiga mstari. "Hilo linakupa adabu, halikupi data. Swali lazima liume." Aliandika lake kwa kalamu nyekundu. Mimi nikalichapisha mara 312.

Nilivuka mistari kwenda kwa Leonidasi. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, hakuinuka. Mkewe alinipa kiti, akaingia ndani.

"Uliniambia litabaki kati yako na mimi."

"Ndiyo."

"Sasa wewe umekuwa watu wangapi?"

Akaugeuza mpini, akasema, kama anayezungumza nao, "Nilisema vile kwa sababu usiku ule mbwa wake alibweka mpaka asubuhi. Ungekuja Jumamosi nyingine ningesema kitu kingine."

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Sikwenda kanisani. Nimehesabu vipande vya sabuni, nikahesabu tena.

Alhamisi, 4 Aprili

Alimasi amefunga kinu kwa mnyororo. Leonidasi ana ngazi 22, mikungu mizima ya michikichi, zimekatwa, na matunda ya mchikichi hayasubiri, yakipita siku chache mafuta yanachachuka.

Jumatatu, 8 Aprili

Ngazi 35. Mke wa Leonidasi naye ameweka miiba kwenye njia ya kisima.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Batuli ameniletea pilau kwenye sahani, amefunika kwa kitambaa cheupe. "Leo hakuna karatasi," akasema. Alikaa mlangoni, akanitazama nikila.

"Mama Sabuni, unakonda kwa ajili ya makaratasi?"

"Kwa ajili ya watu."

"Watu walikuwa wanajua. Wewe unafikiri Alimasi hakujua jirani yake hamupendi?"

"Kujua na kusomewa ni vitu viwili, Batuli."

Alifikiri. "Hiyo ni kweli. Mume wangu wa kwanza, nilijua. Siku niliposomewa meseji ndiyo nikaondoka."

Nilimwita mwizi mwanamke huyu. Kwa mwezi mzima amepekua kila kilo ya karatasi inayofika sokoni, bila kuniomba hata kipande cha sabuni.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Barabara ya Minago imekatika sehemu mbili.

Jumamosi, 20 Aprili

240. Batuli amepata tisa kwa muuza karanga. Bado 72.

Jana Alimasi amepeleka shauri kwa bashingantahe, wapatanishi wa kilima. Anataka mistari ifumuliwe: yeye achukue sita ya upande wa barabara, Leonidasi sita ya upande wa ziwa, uzio katikati. Ushahidi wake ni K-14. Anasema mtu hawezi kupita kila siku katikati ya shamba la mtu anayemwombea aondoke.

Nimekwenda kupima kwa miguu. Kati ya mistari sita ya upande wa ziwa, minne imesimama ndani ya maji. Michikichi ya kwanza imeanza kuwa ya njano. Kwenye karatasi itakuwa sita kwa sita. Kwenye udongo ni sita kwa miwili, na watoto watano.

Shauri litasikilizwa Alhamisi tarehe 16 Mei, saa tatu asubuhi, darasani shuleni.

Jumatano, 24 Aprili

Leonidasi amezika ngazi zilizooza. Sikuuliza ngapi. Harufu ilinifikia barabarani.

Jumamosi, 4 Mei

Exaucé amekuja kwangu. Hajawahi kuja. Alisimama karibu na pipa, ameshika bahasha, mwavuli umevunjika mfupa mmoja.

"Mama, nilibaki na karatasi chache. Nyuma iko na nafasi nyeupe, niliandikia ratiba. Sikujua." Kumi na moja. Jumla 251.

Nilimwuliza kwa nini hakusema tangu siku ile.

"Ningesema nini? Mwalimu aliniambia toa zote, maji yanakuja. Nikamwambia iko na za Mama Marcelina. Akasema huyo amekwisha kuzipiga kwenye ordinateri, ile kompyuta, toa." Akaanza kulia. "Mimi nina watoto, mama. Kazi hii niliipata baada ya miaka mitatu."

Kumbe ni yeye aliyesema jina langu. Katika korido nzima, mtu mmoja alisema hizi zina mwenyewe, na ndiye niliyekuwa nikimlaani wiki nane. Nimempa sabuni. Nimemtengenezea mwavuli kwa waya.

Alipoondoka nikazigeuza moja moja. Ya saba ni K-15. Nyuma yake: "Jumatatu saa kumi na moja, nadharia ya siasa, Bw. Lameki." Mbele yake, swali la tisa, kwa mwandiko wangu, kwa maneno ya Alimasi:

"Ndiyo. Hata kesho iko mbali."

Namkumbuka akisema. Alicheka, akanimiminia maji.

Jumapili, 5 Mei

Miti ileile, mvua ileile, swali lilelile, jibu lilelile. Wa linganishi angependa. Tofauti ni moja tu: karatasi ipi ilifunga mandazi na ipi iliandikiwa ratiba.

Jumatatu, 6 Mei

Nikiionyesha K-15 mbele ya bashingantahe, shauri la Alimasi linaanguka palepale na Leonidasi anabaki na mistari yake. Lakini K-14 ilitolewa na maji, baiskeli na sambusa. Hii itatolewa na mkono wangu. Nyumba 312 zitajua kwamba Mama Sabuni huonyesha. Nikiichoma, mtu mmoja atazama kwa neno ambalo wamelisema wawili.

Nimeiweka ndani ya aproni. Naisikia nikiinama.

Jumanne, 7 Mei

Bwana Lameki amesema nimefikia swali la msingi kabisa la nadharia ya siasa. Ameniomba ruhusa alitumie darasani.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwona Melkiades mwenyewe, nikamweleza yote kuanzia mwanzo, mistari, kinu, maji, tarehe 16. Aliandika kitu pembeni ya gazeti. Nikadhani anaandika tarehe.

"Mia mbili hamsini na moja kwa mia tatu kumi na mbili," akasema. "Asilimia themanini! Mama Marcelina, wengine wananiletea hamsini. Kitakwimu inatosha. Andika memwari, uje uilinde mbele ya walimu Juni."

"Mwalimu, nakuuliza kuhusu K-15."

"Hilo andika ombi. Departema itakaa mwezi wa sita, tuone liko tawi gani."

"Shauri ni Alhamisi."

"Ndiyo," akasema. "Mwezi wa sita."

Alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono, akanipongeza. Sijui kama nimewahi kuchoka hivi. Hata siku tuliyoshuka kwenye lori la kurudi, na mahali petu pamelimwa na watu nisiowajua, nilikuwa na kitu cha kukasirikia. Leo mtu amenipongeza.

Jumapili, 12 Mei

Nimechoma 250 chini ya pipa la kwanza, moja moja, nikizitaja namba. Zimechukua muda wa kuchemsha mara moja. Sitailinda memwari Juni wala Desemba. Situmii neno la mtu aliyesomwa sokoni kujipatia cheti. Sitini sijui ziko wapi na sitajua. Moja iko kwenye mfuko wa plastiki wa Alimasi. Moja iko kwenye aproni yangu.

Jumatatu, 13 Mei

Nakala ya barua niliyompa Exaucé leo saa mbili asubuhi. Ameisaini kuipokea, na saa ameandika. Sasa najua barua ya makabidhiano ni nini.

Kwa Mwalimu Melkiades.

Amahoro. Sikuandikii kama mwanafunzi, nimejiondoa. Nakuandikia kwa sababu juu ya K-14 iko ahadi, na chini ya ahadi iko sahihi, na sahihi haiko yangu. Alhamisi bashingantahe wataishika karatasi hiyo, wataisoma kuanzia juu, na watauliza huyu ni nani.

Wewe ulinitaka niziweke kabatini. Wewe ulisema zitolewe, na uliambiwa ni zangu. Swali la tisa ni la kalamu yako nyekundu. Namba za mistari ni kosa langu mimi, na Alhamisi nitalisema mbele ya Leonidasi na Alimasi, nimesimama. Sikuombi ubebe langu.

Nakuuliza mawili. La kwanza: utakuja Kigwena Alhamisi saa tatu, useme kwa mdomo wako kwamba ahadi ile ilikuwa yako na ulishindwa kuitunza, na kwamba karatasi iliyotoka hivyo isihesabiwe juu ya mtu? Ego au oya, ndiyo au hapana. La pili: usipokuja, K-15 niionyeshe au niichome? Ulinifundisha kwamba swali zuri lina jibu moja. Nipe moja.

Jumatano tarehe 15, siku wanayofunga ziwa, saa sita kamili mchana, moto utakuwa umewaka chini ya pipa la pili na mimi nitakuwa mbele yake, na karatasi mkononi. Jibu mpe Exaucé, anaijua njia ya kwangu. Saa sita na dakika moja si jibu. Mwezi wa sita si jibu. Na usiniandikie ni ya mlango gani, nimeshatembea hatua zile 34.

Utakuja, au huji?